Kopo la Mgeni

Kazi yangu ilikuwa kubeba makopo. Wenye digrii zao walikaa mjini Bukavu, maabarani, wakingoja. Mimi ndiye niliyepanda vilima vya Nyantende na sanduku la baridi begani, nikiingia jikoni mwa watu. Tulitaka kujua watoto wanakula sumu kiasi gani, ile ya kuvu ya mahindi, isiyoonekana wala kuonjeka, inayoharibu maini polepole na kumzuia mtoto kukua. Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Mama akimpakulia mtoto, apakue tena chakula kilekile, kiasi kilekile, akitie ndani ya kopo letu. Siku mbili mfululizo, basi.

Nyumba ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya dada yangu mkubwa. Binti yake wa mwisho alikaribia miaka miwili. Pasaka iliyopita nilimnunulia gauni la njano; sasa Pasaka nyingine ilikuwa inakuja, na gauni lilikuwa bado linamtosha. Dada alilisifu, eti kitambaa kizuri, hakichoki. Mimi lilinitisha.

Tena nilijua habari ya gunia lao la mahindi. Shemeji alilileta kutoka Kamanyola juu ya lori, mvua ikalipiga njia nzima, na lilipofunguliwa jikoni lilitoa harufu ya kikapu kilicholala majini. Punje nyingine zilikuwa na madoa ya kijani. Dada aliyaosha mahindi, akayaanika, akayapeleka mashineni. Harufu ikapungua. Uji wa mtoto ulitoka humo asubuhi na jioni.

Siku ya kopo, nilikuta wali. Wali, nyama ya mbuzi, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga! Mtoto alikuwa ameketi mkekani akiushangaa ule wali, hajui aanzie wapi.

"Yaya, hii ndiyo chakula yenu ya kila siku?" nikamwuliza dada.

"Sasa wewe! Bale badocteur bafungule kopo, bakute bunga ya kunuka? Baseme nini juu yetu? Mugeni hapewe vile."

Hapo nikaelewa. Kopo lilikuwa mgeni, na kwetu mgeni hapewi unachokula; anapewa kile ambacho ungependa akuone unakula. Nikakumbuka nyumba mbili za kabla yake: moja kuku, nyingine mayai na ndizi za kukaanga. Na mimi, mpumbavu niliyezaliwa kilima hikihiki, nilikuwa nimeandika yote kwa mwandiko mzuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tunakaa mbili tu.

Ningeweza kuchota kijiko kimoja cha ile bunga, unga wa gunia lile. Ningeweza kuandika pembeni mwa fomu kwamba hiki si chakula chao. Lakini dada ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na pale mlangoni alinitazama kwa macho ya kuniomba nisimwaibishe mbele ya watu wa mjini. Nilimwonea haya, nikamwogopea mtoto, na haya ikashinda. Nikafunga kifuniko. Nikaandika: wali, nyama, sambaza.

Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa, nikatumwa kuyasoma mbele ya akina mama kwenye ua wa parokia. Sumu ni kidogo sana, hakuna la kuogopa. Walipiga makofi, mmoja akapiga na vigelegele. Nilisoma hadi mwisho. Nyuma kabisa dada alisimama na mtoto mgongoni, akiwaonyesha jirani zake kwa kidole kwamba anayesoma ni mdogo wake.

Nilimfuata hadi nyumbani. Gunia jipya lilikuwa limeegemea ukuta wa jikoni, limekuja juzi kwa lori lilelile, na harufu yake niliikuta tangu mlangoni. Uji ulikuwa umeiva. Akaumimina kwenye kikombe cha mtoto.

"Yaya, usimupe ile uji. Ile bunga iko na sumu."

Alicheka. "Si wewe umetoka kusoma ku karatasi? Chakula yetu iko muzuri. Batu bote basikia."

"Nilisoma ya wali, Yaya. Gunia hatukupima."

Akaacha kucheka. Alinitazama, kijiko mkononi, na nikaona anajaribu kuliweka neno langu mahali pake, anashindwa.

"Ingekuwa na sumu, siku ile ungeona na ukanyamaza? Juu ya mutoto wangu?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Wewe, mudogo wangu, hauwezi kunifanyia vile."

Nikamshika mkono. Akautoa wangu taratibu, kama zamani aliponitoa mkono sufuriani, akapuliza kijiko kipoe. Mtoto, ndani ya gauni lake la njano, akafungua mdomo.