Hesbon na Santuri Iliyokimbia

Hesbon Amugune hakuzaliwa na dharau. Kwao Vihiga aliimba besi katika kwaya ya kanisa miaka kumi na miwili, na mwenzake akikosea alimrekebisha kwa upole. Dharau aliijulia Dubai, kule Al Quoz, kampuni yake ya ulinzi ilipompanga mlangoni pa ghala lililowahi kuwa la matairi, sasa duka la santuri kuukuu na kahawa.

Mwenye duka, Sir Mubin, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa vyuma, ila yeye mwenyewe hajawahi kushika hata msumari. Alikuwa na ugonjwa mmoja: bendi za roki za Ufaransa za miaka ya sabini. Si roki ya kuinukia na kucheza. Ni ile ambayo wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, kinanda kinalia kama king'ora, na ngoma zinabadili mwendo kila ukianza kuzizoea. Bendi moja, Magma, ilijitungia hadi lugha yake ya kuimbia.

"Kwani Kifaransa kiliwaishia?" Hesbon alimuuliza Peninah, Mkenya mwenzake aliyetengeneza kahawa humo.

"Wewe linda mlango," Peninah akamjibu akicheka.

Kila Jumamosi alasiri wateja walikuja kusikiliza. Walivaa fulana zilizochakazwa kiwandani makusudi, wakaketi sakafuni wamefumba macho, wakiguna kama wagonjwa wa tumbo. Walishindana kutaja bendi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuisikia, na aliyeshinda alijiona kagundua kisima cha mafuta. Hakuna aliyejua Kifaransa. Hesbon naye hakukijua, ila yeye hakujidai.

Jumamosi moja Sir Mubin aliwaandalia santuri adimu ya bendi ya mji wa Nancy. Wiki nzima alikuwa ameipiga peke yake, na Hesbon, kwa kukosa pa kukimbilia, aliikariri yote: gitaa la besi linalotambaa, mwimbaji mwenye sauti nzito kama padri, dakika kumi na tisa kamili. Lakini asubuhi ile Sir Mubin alikuwa amepiga santuri ndogo, zile zinazozunguka kwa kasi zaidi, akasahau kurudisha swichi ya mwendo.

Padri akatoka na sauti ya mtoto aliyebanwa pua. Ngoma zikatimka kama kuku waliomwagiwa maji. Hesbon akageuka akidhani watu watacheka. Wapi! Macho yamefumbwa, vichwa vinatikiswa. Mmoja alikuwa anafuta chozi.

Akanyata hadi mbele, akainama. "Sir, inakwenda mbio mno. Angalia swichi."

"Rudi mlangoni," Sir Mubin akamnong'oneza kwa hasira. "Hii si kwaya ya kwenu."

Dakika ya kumi na nne, badala ya kumi na tisa, muziki ukaisha. Makofi! Mwanamume mwenye ndevu akatangaza kwamba hajawahi kusikia uimbaji wenye uchungu namna ile. Sir Mubin akaenda kuinua sindano, akaiona swichi, masikio yakamwiva. Akatupa jicho mlangoni. Hesbon alikuwa anamtazama, wala hakupepesa.

"Naam," Sir Mubin akawaambia wageni wake, "walirekodi wakiwa na machungu mengi."

Jumatatu msimamizi wa walinzi, Mganda aitwaye Aloysius, akampigia Hesbon simu. "Ndugu yangu, huko khalas, kumekwisha. Kesho unaanza Dubai Investments Park, ghala la vigae. Yule bosi anasema unasumbua wageni, na tena huna sikio la muziki."

Hesbon alicheka hadi kofia ikamdondoka.

Alikuwa kwenye vigae wiki ya pili Peninah alipompigia. Yule mwenye ndevu alikuwa ameinunua santuri ile, akaipiga kwake, kisha akairudisha akifoka kwamba ameuziwa nyingine, iliyopooza, isiyo na uchungu wowote.

"Na Sir akasemaje?"

"Akamwomba radhi. Eti hiyo ni nakala mbovu."

Hesbon alijaribu kumwonea Sir Mubin huruma. Alijaribu kwa dhati, kama Mkristo, dakika nzima. Huruma haikuja. Lori likapiga honi nje, akaenda kulifungulia geti.