Jagi la Mzee Salimu Nililitia Ramu

Nimekosa. Naanza na hilo ili hata ukichoka kusoma njiani uwe umeshalipata. Nimemharibia jina mzee wa watu, Mwislamu wa swala tano, na nimemharibia kwa ndimu, sukari na ramu. Majina humu nimeyabadilisha yote.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbinga mjini. Kwetu hasa ni Lituhi, kule ziwani, ila nimeolewa huku juu kwa Wamatengo, Wakatoliki, watu wa kahawa. Hatua chache kutoka nyumbani kwetu kuna duka la vitambaa la mzee nitakayemwita Mzee Salimu. Babu yake alitoka Kilwa na mizigo yake, yeye kazaliwa hapa hapa. Mchana anauza vitambaa, jioni anafundisha watoto Kurani barazani kwake. Nilipoletwa Mbinga nikiwa bibi harusi natetemeka kwa baridi, yeye ndiye aliyetoka dukani akanifunika blanketi jipya. Hata jina langu alikuwa halijui.

Sasa, nyumba yetu ina desturi yake. Kukiwa na sherehe, Mzee Salimu anakuja asubuhi kuchinja mbuzi na kuku, ili majirani Waislamu nao wale kwa amani. Na kwenye kabati kuna vyombo vyao: sufuria mbili, sahani, bilauri, na jagi la kijani la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Vinafungwa kwenye kitenge chao peke yake. Nguruwe havimjui, pombe haviijui. Mama mkwe alipokuwa anaumwa mwishoni mwishoni aliniita, akanikabidhi kile kitenge mkononi, akanieleza kwamba heshima ya nyumba hii imefungwa humo. Nikasema ndiyo, mama.

Nilisema ndiyo kwa mdomo huu huu!

Ikafika kipaimara cha binti yangu mkubwa, Neema. Wageni wengi, na miongoni mwao wifi yangu, dada wa mume wangu, anayeishi Dar. Huyu wifi simchukii, lakini ana ulimi. Safari iliyotangulia alikaa sebuleni kwangu akasema Mbinga mtu anachagua komoni, pombe ya kienyeji, au bia ya moto, basi, hakuna kingine. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, ila roho iliniuma, nikaapa kwamba siku moja atafunga mdomo.

Nikaingia kwenye simu. Nikaangalia video za watu wanaotengeneza kokteli hadi bando likaisha, nikanunua jingine. Nikaipenda moja inaitwa dakiri. Haina mambo mengi: ramu nyeupe, ndimu mbichi na sukari. Yule mtu wa kwenye video alisisitiza kwamba ndimu ya chupa ni kuharibu, ni lazima ukamue mwenyewe saa hiyo hiyo. Nikasema hapo nimefika. Ndimu za kwetu Lituhi zina ganda jembamba na maji tele. Mama akanitumia mfuko mzima pamoja na samaki. Ramu nikaagizia Songea.

Siku yenyewe nikajifungia jikoni. Nilichemsha sukari na maji nikapata shira, nikaipooza. Nikazibiringisha ndimu mezani kwa kiganja mpaka zikalegea, nikazikamua, nikachuja kwa chujio la chai. Vipimo viwili vya ramu, kimoja cha ndimu, na shira pungufu kidogo ya hapo. Nilionja nikafumba macho. Jamani, ilikuwa tamu! Pombe yenyewe huisikii, unasikia ndimu tu na ubaridi. Huo ndio utaalamu wake, na huo ndio ubaya wake.

Kikabaki kitu kimoja. Ni lazima uitikise na barafu kwenye chombo kinachofunga sawasawa, uitikise hadi vidole vife ganzi. Mimi chombo hicho sina. Chupa ya chai inanuka chai. Chupa ya maji mdomo wake ni mdogo, barafu haipiti. Nikafungua kabati nitafute ndoo yoyote yenye mfuniko, macho yakaangukia kwenye kitenge.

Sitasema shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu timamu. Nilisimama pale nikafikiri, nikajiambia nitalisuuza vizuri kwa maji ya moto, nani atajua? Nikafungua fundo.

Nilitikisa awamu ya kwanza, nikamimina glasi nne, nikaweka kipande cha ganda la ndimu kwenye kila moja kama kwenye video. Wifi akanywa, akaniangalia, akanywa tena. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Hamjui nilivyojisikia! Nikarudi jikoni nikachanganya nyingine, nyingi zaidi, nikalijaza jagi karibu lote. Wifi akaniita nje tupige picha na Neema na gauni lake jeupe. Nikaliacha jagi mezani nikaenda kupiga picha.

Huku nyuma Mzee Salimu amemaliza kula wali na mbuzi wake, ana kiu. Mdogo wangu ninayeishi naye, aliyekuwa anahudumia, akaingia jikoni kumtafutia kinywaji. Akaona jagi la Mzee liko mezani, ndani mna maji ya ndimu yenye barafu. Angefikiri nini tena? Alifanya jinsi mama mkwe alivyotufundisha sote. Alilibeba pamoja na bilauri yake, akampelekea.

Niliporudi nilimkuta anamalizia bilauri ya pili.

Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe ataijuaje? Alikuwa anafurahi. Alinisifu mbele za watu kwamba juisi yangu imemfungua kifua, kisha akaniuliza:

"Mama Neema, mbona ina ukali kidogo? Umetia tangawizi?"

Pale. Pale ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningemvuta pembeni nikamweleza, angenikasirikia, angeenda kwake akapumzika, ingekuwa aibu ya siku moja. Lakini wifi alikuwa ananiangalia, mume wangu alikuwa ananiangalia, na wageni Waislamu wengine watatu walikuwa kwenye meza ile ile na soda zao.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Ni tangawizi."

Nikalichukua jagi eti naenda kuongeza barafu, nikalimwaga lote kwenye sinki. Nikaomba Mungu Mzee aende nyumbani moja kwa moja.

Hakwenda nyumbani. Magharibi ilipokaribia alikwenda msikitini, kama kila siku.

Yaliyotokea huko niliyasikia kesho yake sokoni. Alipoinama kurukuu aliyumba, akamwangukia mwenzake wa kulia. Alipoinuliwa, waliomshika walinusa. Baada ya swala walimtoa nje kwa utaratibu wakamuuliza. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hajanywa kitu ila juisi ya ndimu kwa mwanawe, Mama Neema. Mwanawe! Ndivyo alivyoniita.

Wale watu walikuwa waungwana. Hawakutaka kumhukumu bila kuuliza. Siku hiyo hiyo ya sokoni, mchana, watu wawili wa msikitini wakaja kwangu: fundi Idi, mshona nguo wa mtaani kwetu, na mwenzake mmoja mtu mzima. Mume wangu alikuwa shambani Kitura kwenye mavuno ya kahawa. Niliwaamkia, nikawapa viti. Wakakaa wanazunguka zunguka na habari za sherehe, kisha fundi Idi akaniuliza kwa upole kama inawezekana, kwa bahati mbaya tu, kinywaji cha Mzee kilichanganyika na kitu.

Mimi nikaona wanakuja kuichafua nyumba ya mama mkwe wangu. Hicho ndicho nilichokiona! Nikasimama juu ya heshima nikawaambia vyombo vya Waislamu kwenye nyumba hii vina kitenge chao tangu enzi za marehemu, havijawahi kuguswa na pombe, na kwamba Mzee alipewa ndimu na tangawizi basi. Niliongea vizuri sana. Hata mimi nilijiamini.

Wakashukuru, wakaomba radhi kwa usumbufu. Walipofika mlangoni yule mwenzake akasema taratibu, kama anaongea peke yake:

"Basi Mzee alipitia mahali pengine."

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilidhani nimeisafisha nyumba yangu. Kumbe kwa usafi ule ule nimemfunga Mzee kamba. Kama kwangu hakukuwa na pombe, basi yeye ni mlevi wa kujificha, na juu ya hapo ameapa uongo kwa jina la Mungu. Ningeweza kuwaita warudi. Walikuwa hata hawajafika barabarani. Nilishika fremu ya mlango nikawatazama wakienda.

Hakuna aliyemtukana Mzee Salimu. Kwa watu wa heshima mambo hayaendi kwa matusi. Mzazi mmoja alisema mtoto wake ana masomo mengi shuleni. Mwingine akasema wa kwake anakohoa. Mpaka mvua za kwanza zinaanza, barazani kwake jioni kulikuwa kimya, na mkeka umesimamishwa ukutani umekunjwa. Kwenye sherehe nyingine za mtaani wakaanza kumwita mtu mwingine kuchinja. Mke wake akawa ananiitikia salamu bila kunitazama. Hakujua lolote, ila naona aliona haya kwamba mumewe alinitaja.

Na yeye mwenyewe je? Yeye aliendelea kuniita mwanangu. Siku moja nimekwenda kununua kitambaa cha sare ya mtoto, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameenda hospitali kupimwa. Alisema siku ile ya kipaimara dunia ilimzunguka na maneno yakawa mazito mdomoni, na anaogopa ni ubongo, maana baba yake alianza hivyo hivyo kabla ya kupooza. Wamempima presha na sukari hawakuona kitu. Kwa hiyo kila akilala anajiuliza kama ataamka anaweza kuongea. Alinieleza hayo huku ananipimia kitambaa, na akaniongezea kipande cha bure.

Nilikipokea kile kipande cha bure nikaondoka nacho.

Nikaenda kuungama kwa padre. Padre alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia rozari nitasali, lakini rozari haitamrudishia mtu jina lake. Akaniambia niende kwa mwenyewe. Nikakaa wiki mbili sijaenda. Kila nikivaa viatu naona kuna kazi nimesahau.

Mwisho nikaenda, mchana, duka likiwa tupu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea kigoda. Nikakataa kukaa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: ramu, jagi, tangawizi, fundi Idi na mwenzake. Nilitegemea anifukuze. Nilitamani anifukuze.

Aliweka mkasi chini. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa hiki:

"Kwa hiyo mimi siumwi?"

Nikasema huumwi, Baba. Akafunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika. Nikapiga magoti pale kwenye sakafu ya duka nikaomba msamaha. Alipofunua uso alikuwa amelowa, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. Akasema amenisamehe, na kwamba kwa kilichoingia tumboni bila yeye kujua Mungu ataupokea udhuru wake. Nikaanza kushukuru. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Umekuja kuniambia mimi, mwanangu. Mimi nilikuwa najua kwamba sikusema uongo. Wasiojua ni wale waliokuja kwako. Nenda ukawaambie wao."

Nikasema nitakwenda.

Leo ni wiki ya tano. Kwa fundi Idi nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilipeleka sketi ya Neema ipunguzwe kiuno. Mara ya pili nilikwenda kuichukua. Mume wangu bado hajui. Nikijiuliza naogopa nini, jibu ni lile lile la siku ile: naogopa sura za watu watakaponiangalia. Mzee wa watu anatazamwa hivyo kila siku kwa ajili yangu, na duka analifungua kila asubuhi.

Dada zangu, mnaopenda kuonekana mnajua, tengenezeni mnachotaka majumbani kwenu, lakini mgeni akikuuliza kuna nini ndani ya glasi yake, mwambie. Mwambie hata kama meza nzima inasikia. Na ukiwa umeshadanganya, rudi siku hiyo hiyo, kwa sababu kesho utakuta uongo wako umeshapata mashahidi, na shahidi wa kwanza ni wewe.

Wala msiniandikie kunipongeza kwa ujasiri. Kwenu nimesema kwa sababu hamnijui. Hamjui jina langu, hamjui sura yangu, na bado mmesoma hadi hapa mkiamini kila neno. Mzee Salimu wanamjua tangu alipozaliwa, na aliposema kweli hawakumwamini.