Choo cha Juu

Najua utacheka, lakini wiki iliyopita nilipanda boti kwenda kuangalia choo. Cheka tu, ukimaliza nitaendelea. Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Ilagala, mimi niko sokoni Mwanga, mjini, nachagua nyanya. "Dada," akasema, "ziwa limechukua vyote kule kwetu, lakini kile choo bado kimesimama. Kiko peke yake majini. Njoo twende wote, mimi peke yangu naogopa." Mwanamume mzima, ana watoto wanne, anaogopa choo! Nilimcheka sana. Nilipokata simu nikakuta nimeiminya nyanya ya watu mpaka imepasuka.

Kitongoji chetu kilikuwa pale mto Malagarasi unapoingia ziwani, kwenye ardhi nyeusi ambayo ukitupa mbegu inaota. Nyumba zilikuwa chache, michikichi imezizunguka. Hata leo nikifumba macho nasikia harufu ya mawese yakichemka uani, na bibi akigeuza samaki wa migebuka juu ya moshi huku ananifokea nisichezee moto. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba alikuwa kwenye dagaa, leo yupo kesho hayupo, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanne: bibi, babu aliyemzaa baba, mama na mimi.

Masika yakikolea, mto ulitufuata nyumbani. Haukuja kwa kelele. Unaamka unakuta ua umelowa, kesho yake kandambili zinaelea. Na kitu cha kwanza kufa kilikuwa choo. Vyoo vyetu vilikuwa vya shimo, na shimo lilijaa maji kutoka chini. Kwanza lilianza kutoa mlio, blu, blu, kama mtu anayeongea na maji mdomoni. "Choo kimeanza kusema," bibi alituambia, "msiingie tena." Siku mbili tatu baadaye kinadidimia chenyewe, na uchafu unatoka kwenda visimani. Hapo ndipo watu walipoanza kuharisha, na watoto wachanga kuzikwa. Mpaka leo sinki langu likikoroma, mimi natoka jikoni.

Kiangazi kimoja akaja bwana afya, kijana mpole mwenye buti za mpira. "Shikamoo mzee," akamwambia babu, "jengeni choo cha juu, maji yasikifikie." Akatuelekeza: tuta refu la mawe na udongo wa kichuguu, shimo lililozungushiwa matofali ya kuchoma katikati yake, kisha ngazi za kupandia. Wiki nyingi tulibeba mawe kichwani kutoka kilimani. Mama, mimba ya huyu mdogo wangu ikiwa bado changa, alikanyaga udongo. Babu alikata magogo ya michikichi ya sakafu, akajenga ngazi saba. Kilipokamilika kilikuwa kirefu kuliko nyumba yetu, watu wakawa wanakuja kukitazama. Bwana afya akahesabu, watu wanne, choo kimoja, akatupongeza, akaenda zake.

Basi hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa adabu. Kwetu sisi baba mkwe na mke wa mwanawe hawashiriki choo. Mimi babu alinitania kutwa, akiniita mchumba kama mababu wanavyowaita wajukuu, lakini yeye na mama walisalimiana kwa mbali, kila mmoja ameinamisha macho. Mama akimwona njiani alipita vichakani. Bwana afya alikuwa mgeni, hakujua kuuliza. Sisi tulijua, lakini nani angesema? Kutamka tu mbele ya babu kwamba mkwe wake huwa anakwenda chooni ilikuwa aibu tupu. Bibi alimnong'oneza mama avumilie, kiangazi kijacho tutajenga cha pili.

Mvua zikaja, maji yakaja. Choo cha juu kikabaki kikavu, mama akaenda kujisaidia kwenye matete. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, alitangulia na tumbo lake, nami nyuma yake na sufuria na mwiko, nagonga ili mamba wasikie wakae mbali. "Gonga, usisinzie," aliniambia. Ndani ya matete yale hata ndege walikuwa hawalii. Siku moja mama alitoka kanga imelowa mpaka kifuani, mguu mmoja hauna kandambili, meno yanagongana. Alisema amekanyaga gogo, na gogo likasogea.

Babu alikuwa juu ya ngazi, kopo lake la kutawazia mkononi. Aliona yote. Nilimtazama, akageuza uso.

Alishuka, akang'oa msumari aliokuwa akitundikia lile kopo chooni, akaupigilia kwenye nguzo ya nyumba. Bibi akaelewa papo hapo. Akakandika sakafu na kuta kwa udongo mpya, akafukiza majani ndani, choo kikahesabiwa kipya, hakijawahi kuwa cha mtu. Jioni mama alizipanda zile ngazi saba, mkono kiunoni, analia. Na babu, mzee wa watu mwenye miguu ya kuvimba, akaanza kwenda kwenye matete.

Nilitaka kumsindikiza, akakataa. "Mchumba hatazami mambo hayo," akacheka. Tukapatana hivi: akifika atagonga kopo mara tatu, ko, ko, ko, nami nitamjibu kwa sufuria nikiwa uani, ajue nyumbani anasikika. Nikaufanya mchezo. Nilisubiri zile ko tatu kwa hamu, najibu, halafu namsikia akicheka ndani ya ukungu.

Asubuhi moja bibi alipakua ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese. Kopo likagonga, ko, ko, ko.

"Mjibu babu yako," bibi akasema.

"Namalizia tonge hili," nikasema.

Tonge lilikuwa tamu, sitakudanganya. Kopo likagonga tena, safari hii bila hesabu, haraka haraka, kisha likanyamaza. Nilitoka na sufuria nikakuta weupe mtupu, maji yametulia, hakuna hata wimbi. Nikagonga. Niligonga mpaka mwiko ukavunjika mkononi.

Kopo walilipata siku ya pili, limenasa kwenye matete, limesimama wima na maji ndani yake. Babu hakupatikana. Aliswaliwa bila mwili. Juma lile lile mama alijifungua mtoto mzima, wakampa jina la babu. Bibi alijua habari ya lile tonge na hakunisema hata siku moja. Afadhali angenichapa.

Huyo mtoto sasa ni fundi, anazunguka vijiji vya ufukweni akijenga vyoo vya juu kwa watu wasio na uwezo. Kabla hajaweka jiwe la kwanza huwauliza wenye nyumba, "Hapa nani na nani ni wakwe?" Watu huinama, hucheka kwa aibu, lakini hujibu. Basi huwajengea viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Swali dogo hivyo, na sisi hatukuwa na mtu wa kutuuliza.

Basi wiki iliyopita tulifika kwetu asubuhi, ukungu bado upo. Michikichi yote imekufa imesimama, haina vichwa. Mdogo wangu akapunguza injini. "Hapa ndipo jikoni kwa bibi," akasema, nasi tukapita juu ya jiko lake. Hakuna moshi, hakuna harufu ya mawese, hakuna wa kunifokea. Mbele yetu choo kimesimama, ngazi tano ziko chini ya maji, mbili zimebaki. Akazima injini.

Ko, ko, ko.

Ilitoka mle ndani. Mdogo wangu akanishika mkono, kumbe hiki ndicho alichokuwa akikiogopa. "Ni mlango, si ndiyo?" akauliza. "Wimbi linaupiga mlango." Nikasema ndiyo, ni mlango. Lakini mlango ulikuwa umeng'oka zamani, naye aliona kama nilivyoona mimi. Na kopo haliwezi kuwa, maana liko kabatini kwangu Mwanga, nalifuta vumbi kila Ijumaa.

Ikagonga tena, taratibu, mara tatu. Nikavua bangili yangu ya shaba, na kabla mdogo wangu hajanizuia nikagonga ubavu wa boti, ko, ko, ko. Nikasema kwa sauti, "Nipo, babu. Nimeshamaliza kula."

Kukawa kimya, na mpaka tunaondoka hakikugonga tena.