Nilimuua Mzee wa Uswidi Ambaye Hakuwa Hata na Mafua

Kosa ni langu peke yangu. Simsingizii shetani, maana siku hiyo shetani alikuwa na kazi zake. Lilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, sebuleni kwetu mtaa wa Black Rock, hapa Buffalo, Marekani. Bibi alikuwa amejifunika blanketi miguuni, na rimoti ilikuwa mkononi mwangu.

Nina miaka kumi na sita. Nina haya mpaka shuleni wakiita majina nainua kidole badala ya kuitika. Basi mwalimu wa maigizo akatupigisha kura ya nchi: kila mtu aandike maisha ya mwigizaji mmoja, alianzaje, kaigiza nini, kafika wapi. Rafiki yangu akapata India. Mimi nikapata Uswidi! Hata sikujua kama huwa wanaigiza kule.

Nikaazima diski maktaba. Mchezo wa jukwaani, umerekodiwa, na mkubwa wao ni mzee mrefu mwembamba anaitwa Torvald Ekbrink. Kufika nyumbani, naiweka, naona haina maandishi ya Kiingereza chini. Ni Kiswidi kitupu!

Ningeizima. Lakini Bibi alishakaa.

Hapa lazima nikueleze mambo ya kwetu. Bibi ni Mrundi aliyelea watoto wake katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Kule kulikuwa na banda la video, na mtu wa kipaza sauti aliyeeleza sinema yote kwa Kiswahili. Kwa Bibi, sinema isiyo na mwelezaji ni mboga isiyo na chumvi. Na hapa Marekani kipaza sauti cha nyumba ni mimi. Barua ya mwenye nyumba, natafsiri mimi. Kliniki, mimi. Mama yuko kiwandani zamu mbili, nani mwingine? Nilianza nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo sijawahi kumwambia Bibi neno "sijui". Hata mara moja! Nikisema sijui, atamuuliza nani?

"Haya, tafsiri," akasema. "Huyu mzee ana nini?"

Mzee alikuwa anachungulia dirishani, uso mrefu kama foleni ya mgao wa chakula.

"Ni mgonjwa, Bibi."

"Anaumwa nini?"

"Mapafu."

"Watoto wake wako wapi?"

"Wamemtupa."

Bibi akaguna. Palepale, ndani ya diski, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mbona wanacheka?"

Jamani, hapo ndipo ningesimama! Mlango ulikuwa wazi kabisa! Badala yake nikasema, "Wazungu wa kule, Bibi, wakihuzunika hucheka."

"Maskini," akasema Bibi. "Baridi imewaharibu."

Nikaendelea. Mke akafa. Nyumba ikauzwa. Kila watu wakicheka, mimi naongeza msiba. Mwishoni Bibi akafuta macho na ncha ya kitenge. "Hayo ni ya mchezo," akasema. "Yeye mwenyewe, huyo Tovadi, kwake anaishije?"

Kwenye begi nilikuwa na kurasa tisa za maisha yake. Sikuwa nimesoma hata mstari.

"Vilevile tu, Bibi. Ndiyo maana anaigiza vizuri."

Bibi akachukua simu, akabonyeza, akaanza: "Wapendwa katika Bwana..." Grupu letu la maombi lina watu wa Buffalo, Louisville na Columbus. Ugali haujaiva, Mchungaji ameshatangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya Mzee Tovadi wa Uswidi!

Nilicheka chooni, nakiri. Jumatano mama mmoja wa Louisville akatuma sauti kwamba amemwona Tovadi katika ndoto, amevaa nguo nyeupe, anaomba uji. Nikacheka tena. Mjinga mimi!

Alhamisi nimetoka shule, namkuta Bibi amepiga magoti karibu na kochi. Nje theluji, yeye jasho linamtiririka. Mikono inatetemeka kama karatasi. Na Bibi ana sukari. Nilijua ana sukari! Nani asiyejua?

Nikakimbia kumwita jirani yetu, Mama Furaha, Mkongo wa Kivu ya Kusini, ambaye analea wazee kazini. Akaingia bila kuvua viatu.

"Bon, mtoto, uko naangalia nini? Leta chai, tia sukari mingi, sukari yake imeshuka! Bibi yako anafunga na wewe uko namuachia tu?"

"Anamfungia mzungu," nikasema.

"Mzungu gani? Donc yeye anakula kwake, Bibi anakufa hapa?"

Nikaleta kikombe. Bibi akafumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa. "Sivunji mfungo," akasema, na sauti ilikuwa imekwisha. "Yule mzee hana mtu."

Nilikuwa na njia mbili. Kusema kweli, au kuua. Mungu wangu, nikaua!

"Bibi, amefariki."

"Lini?"

"Sasa hivi. Wametangaza."

Akafumba macho. Kisha akapokea kikombe, akanywa chote. "Basi tumechelewa," akasema. Mimi nikashusha pumzi, nikadhani nimemaliza. Kumbe! Mikono ilipotulia tu, akavuta simu.

"Bibi, unampigia nani?"

"Watu. Kambini hatukumzika mtu kama mzigo. Asiye na ndugu, kanisa ndilo ndugu yake. Au Marekani imekusahaulisha?"

Jumapili baada ya ibada, kwetu palikuwa na msiba! Viatu vyenye theluji vilijaa kuanzia mlangoni hadi jikoni. Mchele na dagaa vilitoka maduka ya Grant Street. Shangazi Kezia aliendesha gari kwa saa nane kutoka Louisville, na masufuria mawili nyuma. Binamu yangu Evarist alileta nusu ya kwaya ya Columbus, wote wanakaa jengo moja Reynoldsburg, pembeni mwa mji huo. Shangazi aliingia tayari analia: "Tovadi weee! Umetuacha na nani!" Mzee mmoja wa kanisa akasimama kumsifu marehemu kana kwamba walichota maji bomba moja. Mimi nilikuwa nagawa chai. Niliimwaga mara tatu.

Kisha Mchungaji akauliza, "Picha ya marehemu iko wapi? Tuiweke mezani na maua."

"Naitafuta," akasema Evarist, simu mkononi. Nikamwona anakunja uso. Anakunjua. Anakunja tena.

"Mchungaji," akasema, "marehemu yuko jukwaani."

"Picha ya zamani hiyo."

"Ya juzi. Na amevaa manyoya."

Akageuza simu watu waone. Mzee Torvald Ekbrink, mzima kama mkaa wa moto, amevaa kama kuku wa njano, anataga yai kubwa kama mpira, na ukumbi unalia kwa kucheka. Evarist akasoma maelezo ya chini: mchekeshaji tangu ujana wake, kipenzi cha nchi nzima, hajawahi kukosa onyesho hata moja kwa sababu ya ugonjwa.

Mchungaji akaikodolea simu macho.

"Amefufuka!" Shangazi Kezia akapiga yowe. Haleluya! Kwaya ikashika wimbo, watu wakarukaruka mpaka picha ukutani zikakaa upande. Mchungaji alishaanza kuandaa ushuhuda wa kupeleka miji yote mitatu. Ni Bibi tu hakusimama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Njoo hapa, mtafsiri wangu."

Nikaenda. Nikasema kwa sauti ya mbu.

"Hatusikii," akasema Mchungaji.

Mimi! Mimi ninayeinua kidole! Ikabidi nipaze sauti mbele ya watu wote: "Nimesema sikuelewa hata neno moja! Ule ni mchezo wa kuchekesha! Hakuumwa mapafu, hakuwa hata na mafua! Niliogopa kusema sijui!"

Evarist alicheka wa kwanza. Shangazi Kezia akakaa chini taratibu. "Yaani nimeendesha saa nane," akasema, "kuja kumlilia kuku?" Hapo nyumba nzima ikapasuka. Mchungaji alijaribu kununa, akashindwa. Wali ukapakuliwa, maana wali hauna kosa.

Bibi hakucheka. Alingoja kila mtu awe na sahani, akaniuliza polepole:

"Na daktari?"

"Daktari gani, Bibi?"

"Wa mwezi uliopita. Aliponipa vidonge vipya vya sukari. Aliongea muda mrefu, ananinyooshea kidole. Ukaniambia amesema nile matunda na ninywe maji. Alisema hivyo?"

Niliikumbuka ile siku. Daktari aliongea upesi, maneno marefu ya dawa, na mimi nikaona haya kumwambia arudie. Nikatunga. Matunda na maji, nani atakufa kwa matunda na maji?

Nikatazama viatu vya mlangoni. Hilo likamtosha Bibi. Akachukua kikopo cha vidonge mezani, akakitia ndani ya kitenge chake, akafunga fundo. Kama mtu anayemficha mwizi kitu.

Lile fundo bado naliona.

Ninyi wenzangu ambao ni masikio ya wazazi wenu, nawasihi! Neno "sijui" ni dogo, linauma sekunde moja. Nililikwepa, nikamuua mzungu mzima, nikakaribia kumuua Bibi yangu. Semeni sijui! Semeni kabla watu hawajawasha magari!

Kesho yake, Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kabla ya basi la shule, nilipiga simu kliniki. Nikaweka sauti kubwa, simu nikaiweka mapajani kwa Bibi. Wakaniuliza kama nitatafsiri mimi. Nikasema hapana, naomba mkalimani. Tukangoja tukisikiliza muziki, hatutazamani.

Akaja kwenye simu mama mmoja wa Kiswahili, sauti ya upole. Nesi akaongea, mama akatafsiri: "Bibi, anasema vidonge hivi usivimeze ukiwa na njaa. Usifunge kabisa. Vinaweza kukuangusha. Anauliza, hukuambiwa?"

Bibi akaniangalia. Akainama kwenye simu.

"Niliambiwa," akasema. "Siku ile sikuwa na masikio."

Bibi yangu, mlokole, anadanganya kwa ajili yangu! Nikaishika simu.

"Hakuambiwa," nikasema. "Mimi ndiye niliyetafsiri. Sikuelewa daktari alichosema, nikatunga."

Nikamsikia yule mama akimwambia nesi maneno yangu kwa Kiingereza, moja baada ya jingine, bila kupunguza hata moja.