Siku Asiyoweza Kuitaja Asukile

Mwaka 1953 Ikupa alianza kuamini kwamba mumewe amemchoka. Akimwita kutoka jikoni, Asukile hageuki. Akimweleza habari za mtoto wao Sekela, anaitikia "ndiyo" pasipostahili ndiyo. Walikuwa wakiishi kambini, kwenye machimbo ya dhahabu kule Chunya, ambako Asukile alihudumia kinu cha chuma cha kuponda mawe. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumnyamazia.

Jumapili moja, wakitoka kanisani, Ikupa alimshika mkono. "Baba Sekela, nimekukosea nini?"

Asukile alikuwa akiitazama midomo yake. "Hujanikosea kitu. Ni masikio. Nimeona haya kukwambia."

Ikupa akalia, huku moyo umemtua. Kesho yake wakapanda lori kwenda hospitali Mbeya.

Daktari alimchungulia masikio kwa taa, kisha akagonga vyuma vya kupimia. Chenye mvumo mzito Asukile alikisikia. Chenye sauti nyembamba akawa anakitazama tu.

"Ngoma ya sikio ni nzima," daktari alimwambia Ikupa. "Kilichokufa ni mishipa ya ndani, inayopeleka sauti kichwani. Kishindo cha kinu kimeimaliza polepole. Dawa sina. Akirudi pale, hata kilichobaki kitakwenda."

Akawaelekeza kwa Bwana Leba, ofisa wa serikali aliyeangalia mambo ya wafanyakazi. Naye aliwasikiliza vizuri, akauliza, "Sheria ya fidia inataka ajali. Aliumia siku gani?"

Ikupa alilirudia swali lile sikioni mwa mumewe. Asukile akafikiri sana, akatikisa kichwa.

"Bwana," Ikupa akasema, "aliumia kila siku aliyokwenda kazini."

Ofisa akajibu, "Nakuamini, mama. Lakini sheria inamjua aliyekatwa mkono saa fulani. Huyu haijamjua bado."

Fidia hawakupata. Ila yule ofisa alikwenda mwenyewe machimboni, akamsimamisha meneja kando ya kinu na kujaribu kuongea naye. Hawakusikilizana hata neno. Tangu hapo wahudumu wa kinu wakapewa pamba za masikio, wakawa wanapokezana zamu kwenye kinu. Asukile alipoambiwa habari hiyo alifurahi, akataja majina ya wenzake mmoja mmoja.

Wao wakarudi kwao Rungwe, kwenye migomba na kahawa. Ikupa akajifunza kutomwita kwa nyuma. Akiwa na neno, anaacha jembe, anazunguka mbele yake, anangoja ainue macho, ndipo anasema, taratibu.

"Nakuchosha," Asukile alimwambia siku moja wakichuma kahawa.

"Hunichoshi. Zamani nilikuwa nasema huku umenipa mgongo."

Asukile akacheka, akaweka kikapu chini ili amwone vizuri. "Haya, sema tena."

Ikupa hakuwa na neno. Akaanza kumsimulia habari za mbuzi wa jirani, ndefu, zisizo na haraka.