Mabanzi ya Bibi na Mpira wa Papai

Juzi tulikuwa tunaezua nyumba ya bibi kule Msambweni, tutoe makuti tuweke mabati, fundi akaniita kutoka juu: kuna kuni huku zimefungwafungwa vitambaa, azitupe? Nikamwambia aniteremshie. Zilipofika mkononi, zina masizi na harufu ya moshi wa miaka, nikakaa kitako pale pale penye takataka za makuti, na kazi sikuifanya tena siku ile.

Hazikuwa kuni. Yalikuwa mabanzi, vile vipande vya mwanzi vilivyochongwa bapa ambavyo bibi aliwafungia watoto waliovunjika mikono. Bibi yangu alikuwa akiunga mifupa. Alipasha mafuta ya nazi kwenye kijiko, akakukanda taratibu huku akikuuliza habari za shule, na ukiwa katikati ya kumjibu, tak, mfupa umerudi. Kufungia alitaka kipande cha leso, kanga ya mama yako, hakutaka kamba. Mkono ukipona, mabanzi huyatupi. Aliyafunga kicha kwa kitambaa kile kile akayachomeka darini juu ya jiko. Ukimwonyesha kicha, aliitazama leso akakutajia mtoto.

Nazungumzia miaka ya tisini mwishoni, nami niko darasa la sita. Mwalimu mmoja kutoka bara alikuja shuleni kwetu na mpira wa raga. Sisi hatukuwahi kuuona. Ulikuwa na umbo la papai, basi tukauita papai, na mchezo wenyewe ukawa papai. Ukinikumbusha masika ya mwaka ule, kwanza nasikia mvua ikitoka uwanjani kuelekea baharini, halafu nasikia pumzi zetu, watoto ishirini tumerundikana juu ya papai, matope mdomoni, na mwalimu anazunguka na filimbi akicheka. Nikirudi nyumbani nanuka majani. Bibi ananiwekea mihogo ya nazi na chai ya mchaichai, nami nakula nikiwa bado naelea kule uwanjani.

Lakini tulikuwa tunaumia, hilo sitalificha. Tukakubaliana wenyewe, kwa hofu kwamba wazee watatunyang'anya mchezo: ukivunjika, sema umeanguka mkoroshoni. Mikorosho ilikuwa imeizunguka shule, na kila mwaka iliangusha watoto, nani angeshuku?

Aliyevunjika nikawa mimi. Mwezi wa tano, jamaa wawili walinidaka miguu, nikaangukia mkono wa kushoto. Nilimwambia bibi ni mkorosho. Akaushika mkono, akasema, "Haya, mume wangu, lete leso ya mama yako." Bibi zetu huwaita wajukuu waume zao, kwa hiyo sikuona neno.

Mabanzi yalipotoka, haikupita muda mtoto wa jirani yetu akagongwa kichwa kwenye papai. Alilala chini, akaamka akitapika, na mpaka magharibi alikuwa hamjui dada yake. Hapo ndipo wazazi walipoitwa shuleni, na swali lilikuwa moja, mchezo ukome au uendelee. Mwalimu alisema vizuri tu, kwamba mtoto anayefundishwa kuanguka huanguka salama, na kwamba tangu papai lije utoro umepungua. Hilo ni kweli, mimi mwenyewe nilikuwa mtoro. Jirani naye akasimama. "Mwalimu, mimi nilimleta mtoto asome. Angerudi hanijui mimi, wewe ungeniambia nini?" Hilo pia ni kweli.

Mwalimu mkuu akamgeukia bibi. "Shikamoo, mama. Wewe ndiye unayewaunga. Tuambie, ni mchezo huu unaowavunja?"

Bibi alikuwa amekuja na vicha vyake ndani ya kikapu. Akavitoa kimoja kimoja, akaviweka juu ya dawati akitaja. Huyu mkorosho. Huyu mkorosho. Huyu mnazi. Huyu baiskeli ya baba yake. Huyu mkorosho. Wazazi wakaanza kuchekeana, mmoja wa nyuma akasema, "Basi tukataze korosho." Mimi nilikuwa nimesimama dirishani na wenzangu, nangoja kuiona leso ya mama yangu, ya manjano yenye madoa meusi. Sikuiona. Kikapu kikawa kitupu. Nikachungulia vizuri, nikaona ncha ya manjano mapajani kwa bibi, chini ya buibui lake, na mkono wake umeikalia.

Jirani akasema kwa upole, "Bibi, kichwa hakifungwi mabanzi."

"Kweli, mwanangu," bibi akajibu. "Hilo usemalo ni kweli." Halafu akamwambia mwalimu awapeleke watoto mchangani, waache ule uwanja mgumu, na asishikwe mtu juu ya kiuno. Wakakubaliana hivyo. Tukacheza ufuoni mpaka mwalimu alipohamishwa mwaka uliofuata, akaenda na papai lake.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, bibi mbele mimi nyuma, aliniuliza bila kugeuka, "Mume wangu, mwezi wa tano mkorosho ulikuwa na nini?"

Haukuwa na kitu. Korosho kwetu huiva mwisho wa mwaka. Mtoto mzima wa Msambweni, nimesahau msimu wa korosho. Naye hakuuliza tena, siku ile wala nyingine.

Nimelifikiria sana jambo hili na sina hakika nimelifikiria sawasawa. Hakusema uongo, kwa sababu hakukitaja kicha changu popote. Ila ukweli aliukalia, na aliukalia kwa ajili yangu. Kama angekiweka mezani pengine mchezo ungekoma. Yule mtoto wa jirani alipona, ingawa mpaka ukubwani alilalamikia kichwa. Huenda ni papai, huenda sivyo. Siwezi kuapa.

Sasa bibi hayupo, na watu wa kuunga wamebaki wachache. Uwanja umejengwa madarasa. Mwanangu wa kike anasoma Ukunda, na wiki iliyopita alileta karatasi ya shule: mzazi atie sahihi, mtoto acheze raga. Ilikaa mfukoni mwangu siku tano.

Jioni ile ya kuezua nilirudi nyumbani na kicha changu cha manjano, nikatia sahihi. Nikampa karatasi nikamwambia nina sharti moja, akiumia asije akaniambia ni mkorosho.

Akanitazama, akacheka kidogo. "Baba, mkorosho ndio mti gani?"