Kasian Harudi Nyuma

Huu ni mwaka wa tisa Kasian anaendesha pikapu iliyopambwa maua, inayombeba Ganesha, mungu wa Wahindu, kuzunguka mji wa Iringa. Yeye ni Mkatoliki wa Kihesa, lakini masharti ya hekalu anayashika kikamilifu. Tangu jana hajaonja kitunguu, maana hekaluni kwao ni mwiko, na mungu akishapanda, gari halirudi nyuma hata hatua moja.

Leo, kwenye njia nyembamba ya sokoni, lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni likazimika mbele ya msafara wao. Ngoma zikanyamaza. Mzee Harshad, msimamizi wa hekalu, akashika kichwa.

"Rudi nyuma!" trafiki akafoka. "Unaziba njia!"

Kasian akazima gari, akatia ufunguo mfukoni.

"Afande, mwezi wa sita pikapu hii hii ilibeba Ekaristi, na wewe ndiye uliyetusafishia njia. Siku ile ungeniambia nimrudishe Yesu kinyumenyume?"

Trafiki akavua kofia, akaweka bega kwenye lori na kuwaita wapakiaji wasukume naye. Lori likasogea, gunia moja likapasuka na kummwagikia kifuani.

Ngoma zikaanza upya. Mzee Harshad akashusha pumzi ndefu. Kasian akapita taratibu, roho kwatu, akashusha kioo.

"Asante sana, afande. Chakula kipo hekaluni, karibu. Ila kaoge kwanza, unanuka kitunguu."